Gari la bei ya kutupwa limenila mtaji: niache biashara hii au niendelee?

"Mtaalamu, habari za kazi. Kwa mwaka mmoja na nusu nimekuwa nikinunua simu zilizotumika, nazisafisha, nabadilisha betri au kioo ikibidi, kisha nauza. Nikiweka 100 hunirudia 106 baada ya kama wiki tatu, gharama zote zikishatoka. Niliona nakua taratibu mno, nikahamia magari. Mnadani nikapata gari dogo la petroli kwa bei ambayo kila mtu alisema ni ya kutupwa. Ili tuelewane, tuseme nililinunua kwa 100. Nilipolikuta lilikuwa limeshawashwa, linanguruma vizuri, ndani safi, injini inang'aa. Wiki ya kwanza tu likaanza kuchemsha. Fundi akabadilisha rejeta, likachemsha. Akabadilisha termostati, likachemsha. Mwisho akafungua injini akabadilisha gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo chembamba kilicho kati ya injini na hedi, kifuniko chake cha juu. Matengenezo yakafika 31. Hati, ushuru na usafirishaji 8, maegesho na matangazo 4. Nimeliuza kwa 138 baada ya wiki 18. Rafiki yangu aliye kwenye biashara hii alinishauri nisitaje habari za kuchemsha mpaka niulizwe, na mnunuzi hakuuliza. Juzi amenipigia, anasema limechemsha njiani. Je, ilikuwa bahati mbaya tu? Nimeahidiwa mkopo wa kununua magari mawili kwa pamoja ili nifidie hasara, nichukue? Na huyu mnunuzi nimwambie nini?"

Ndugu yangu, kabla hujasoma zaidi, mpigie huyo mnunuzi umwambie asiliendeshe tena gari hilo hata kwenda dukani, na asifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto, kwa sababu maji yale yana mgandamizo na huruka usoni. Ukishampigia, rudi tuzungumze. Mengine yake nitayasema mwishoni.

Nikisoma maswali yako matatu naona wasiwasi mmoja: unahofu kwamba ujuzi uliokulisha kwenye simu hauna kazi kwenye magari. Ujuzi huo una kazi kubwa. Kwanza, umeandika kila gharama. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na nimeona watu wenye miaka mingi kwenye biashara ya magari ambao hawawezi kuniambia, kama ulivyoniambia wewe, gari lao la mwisho liliwala kiasi gani. Pili, hasara yenyewe ni ndogo. Mimi nilianza kama fundi, nikaingia kununua na kuuza baadaye, na darasa langu la kwanza lilinigharimu zaidi ya hilo lako.

Sasa tuje kwenye bahati. Haikuwa bahati mbaya. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, alitumia soko la magari yaliyotumika kueleza jambo ambalo wauza magari walikuwa wakiliishi bila kulipa jina. Mwaka 2001 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz, na maelezo hayo ni sehemu ya kilichomfikisha hapo. Hoja yake ataielewa yeyote aliyewahi kusimama mbele ya gari la mtu. Mwenye gari ameishi nalo miaka mitano, anajua linavyoamka asubuhi na linavyolalamika mlimani. Wewe unalo kwa nusu saa. Kwa kuwa huwezi kutenganisha zima na bovu, unataja bei ya katikati. Mwenye gari zima akiisikia bei hiyo anaona anadhulumiwa, analirudisha nyumbani au anamuuzia ndugu anayelijua. Mwenye bovu anaipokea kabla hujabadilisha mawazo. Wazima wakiondoka, wanaobaki sokoni ni wabovu zaidi kuliko mwanzo, wanunuzi wanashusha bei tena, na wazima wengine wanaondoka.

Ndiyo maana gari lisilo na historia, linalouzwa kwa bei ya chini bila sababu ya kueleweka, si gari ambalo wenzako wameshindwa kuliona. Wameliona. Bei ile imeshushwa na shaka yao, na wewe ulipolipa 100 uliinunua ile shaka pamoja na gari. Kwenye simu shaka hiyo ilikuwa inaisha ndani ya dakika kumi: unaiwasha, unapima betri, unagusa kioo chote, unapiga *#06# kuona ile namba ya tarakimu 15 na kuilinganisha na iliyo kwenye boksi, unahakikisha mwenyewe ametoka kwenye akaunti yake. Gari halimalizi siri zake kwa dakika kumi. Ulihama kutoka bidhaa inayosema hadi bidhaa inayonyamaza, lakini ukabaki na muda uleule wa kusikiliza.

Na ulinunua mnadani, ambako kuna mtego wa pili. Mwaka 1971 wahandisi watatu wa mafuta, Capen, Clapp na Campbell, waliandika kuhusu kampuni zinazoshindania vitalu vya kuchimba mafuta. Kila kampuni inakadiria thamani ya kitalu. Wengine wanakosea kwa kuzidisha, wengine kwa kupunguza, na anayeshinda ni yule aliyezidisha kuliko wote. Mnada wa magari uko hivyohivyo. Watu kumi wakitazama gari moja, makadirio yao yakichanganywa huenda yakakaribia ukweli, lakini gari haliendi kwa wote kumi, linaenda kwa mwenye kadirio la juu kabisa. Kushinda kwenyewe ni habari: kunakuambia kwamba watu tisa waliokuwa hapo hawakuona unachokiona. Kwa hiyo bei yako ya mwisho iandike kwenye karatasi nyumbani, mbali na kelele za mnadi, na kadiri washindani wanavyoongezeka ndivyo unavyopaswa kuishusha. Najua moyo unavutwa kinyume, kwamba watu wakiwa wengi basi mali ni nzuri. Usiufuate.

Hiyo bei ya mwisho inapatikanaje? Watu wengi wanaanza na bei ya kununulia wakipanda juu: nimenunua kwa hiki, nikitengeneza kwa hiki, nitauza kwa kile. Anza upande wa pili. Anza na bei ambayo magari kama hilo yameuzwa kweli, si bei zinazotajwa kwenye matangazo, maana tangazo ni matumaini ya mwenye gari. Gari lako limeuzwa kwa 138, basi tutumie hiyo. Toa matengenezo unayoyaona kwa macho, tuseme 20. Toa hati, ushuru na usafirishaji, 8. Toa maegesho na matangazo, 4. Toa akiba ya usichokiona. Kwa gari lisilo na historia mimi huweka moja ya kumi ya bei ya kuuzia, kwa hiyo hapa 14. Toa faida unayoitaka, tuseme 12. Inabaki 80. Hiyo 80 ndiyo bei yako ya juu kabisa mnadani, na gari lingepita hapo ungerudi nyumbani mikono mitupu bila majuto. Tazama sasa: hata matengenezo yangefika 31 kama yalivyofika, 80 na 31 na 8 na 4 ni 123. Ungebaki na 15. Gari lilelile, ubovu uleule, fundi yuleyule, mnunuzi yuleyule. Kilichokutia hasara ni zile 20 ulizozitoa siku ya kwanza, na hakuna ujanja wa kuuza ambao ungezirudisha baadaye.

Kuna hasara nyingine ambayo haimo kwenye daftari lako. Umesema kwenye simu 100 ilikuwa ikirudi na 6 kila wiki tatu. Wiki 18 ni mizunguko sita. Mtaji uleule ungekaa kwenye simu, na ungepata mali ya kutosha kuuzungusha, ungeleta 36. Gari lilileta hasara ya 5. Tofauti ni 41, na hiyo ndiyo gharama halisi ya safari yako. Nakubali kwamba mizunguko sita ya simu ina jasho lake, wateja wengi, safari nyingi, wakati gari ni mteja mmoja. Lakini katika biashara ya vitu vilivyotumika, kasi ya mtaji kurudi mkononi ina uzito sawa na ukubwa wa faida, wakati mwingine zaidi. Mimi nikiwa na gari linaloingia wiki ya sita bila mnunuzi wa dhati, nashusha bei, hata kama linaniuma. Kila wiki linapokaa, tairi zinakaa mahali pamoja, betri inashuka, mwaka wake wa kutengenezwa unazidi kuwa wa zamani, na pesa yangu imefungiwa humo.

Ukaguzi ndipo nitakapokaa muda mrefu, kwa kuwa ndipo biashara yenyewe ilipo.

Umesema ulikuta gari limeshawashwa na injini inang'aa. Hizo zilikuwa ishara mbili, na sikulaumu kwa kutoziona, kwa sababu kwa macho ya mtu wa kawaida zinaonekana kama heshima ya muuzaji. Injini baridi ndiyo inayosema ukweli. Ikiwaka ikiwa baridi utasikia mnyororo unaogonga, utaona moshi wa kwanza, utajua kama betri na stata zina nguvu. Fika kabla haijawashwa, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, omba urudi kesho. Mnadani hutaweza kuomba hivyo, na hiyo peke yake ni sababu ya kushusha bei. Injini iliyooshwa ikang'aa imefutiwa alama za kuvuja. Gari langu la kwanza nilinunua kwa mtu binafsi, injini safi kama sahani, nikamsifu kwa utunzaji. Siku ya tatu oili ilikuwa imetengeneza dimbwi chini, na nilipolitazama dimbwi lile nilielewa kwa nini mtu angeosha injini asubuhi ya kuuza. Tangu siku hiyo napenda injini yenye vumbi la kawaida, vumbi lililokaa sawasawa pande zote.

Moshi una lugha yake. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa, au kwenye dizeli, kichujio cha hewa kilichoziba au nozeli zilizochoka. Mweupe mwepesi asubuhi ya baridi ni mvuke tu na hupotea. Mweupe mzito usiokoma, wenye harufu kama ya sukari, ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda. Fungua mfuniko wa oili utazame chini yake. Ute wa rangi ya maziwa unaweza kuwa maji yaliyochanganyika na oili, ingawa gari linalotembea safari fupi tu penye baridi nalo huweka ute kidogo kwenye mfuniko bila kuwa bovu. Thibitisha kwa kijiti cha oili kabla ya kuhukumu.

Na hapa niseme juu ya fundi wako. Kubadilisha rejeta, kisha termostati, kisha gasketi, ni kubahatisha kwa pesa yako. Kuna kifaa kidogo chenye dawa ya bluu kinachowekwa mdomoni pa rejeta injini ikinguruma. Gesi ya mwako ikipenya kwenye maji, dawa inageuka njano. Ni kazi ya dakika chache, na ingekuambia siku ya kwanza kwamba tatizo liko kwenye gasketi au hedi. Halafu gari likishachemsha mara kadhaa, hedi ya aluminiamu huweza kupinda. Mpindo wenyewe hupimwa kwa sehemu za mia za milimita, jicho haliuoni, lakini gasketi mpya haiwezi kuuziba. Kabla ya kufunga gasketi, hedi hulazwa, huwekewa rula ya chuma iliyonyooka na kupimwa, na ikiwa imepinda hupelekwa kusawazishwa kwa mashine. Kama hilo halikufanyika, basi nafahamu kwa nini gari limechemsha tena kwa mwenzio. Liko jambo lingine linaloweza kusababisha, kwa mfano feni au pampu ya maji, lakini hapo ndipo ningeanzia.

Nunua kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Vipo vidogo vya kuchomeka chini ya usukani na kusoma kwenye simu, na wewe wa simu hutapata taabu navyo. Marekani ilivilazimisha viunganishi vya kuchomekea vifaa hivyo kwa magari yote madogo kuanzia mwaka 1996, Umoja wa Ulaya kwa ya petroli mwaka 2001 na ya dizeli 2004. Usitafute hitilafu tu. Muuzaji anaweza kuzifuta dakika tano kabla hujafika, taa ya injini ikazimika. Lakini akizifuta, gari linaanza upya kujipima mifumo yake, na kifaa kitakuonyesha kwamba vipimo hivyo bado havijakamilika, kwa sababu vinahitaji gari litembee kwanza. Gari linalodaiwa kuendeshwa kila siku, lenye vipimo vyote visivyokamilika, limefutwa kumbukumbu au betri yake imeondolewa karibuni. Uliza kwa nini, na sikiliza jibu linavyokuja.

Bodi nayo inasomeka. Rangi ya kiwandani kwenye bati mara nyingi ina unene wa mikroni 100 hadi 180 (mikroni elfu moja ni milimita moja). Kipimo cha unene kikikuambia mlango mmoja una 130 na wa pili 600, huo wa pili una puti chini yake, ule uji unaokauka wa kujazia bati lililobonyea. Huna kipimo, tumia sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Penye puti nene haishiki. Tazama nafasi kati ya boneti na mabawa pande zote mbili, na vichwa vya bolti za boneti kama vina alama za spana. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa, mara nyingi ndani ya duara refu: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi mpya zilizoliwa upande mmoja zinasema kuna kilichopinda. Kilomita za dashibodi zinaweza kurudishwa nyuma, lakini pedali iliyolika hadi chuma, usukani uliopata ulaini wa kung'aa na kiti cha dereva kilicholala havirudishwi kirahisi. Ukihisi harufu ya unyevu, vuta mkanda wa usalama mpaka mwisho uangalie mstari wa tope, kisha chungulia reli za viti kama zina kutu. Gari lililozama kwenye mafuriko sinunui kwa bei yoyote. Nyaya zake zitaendelea kuoza miaka miwili baadaye kwa mtu mwingine.

Namba ya chesisi lazima ilingane mahali pote: kwenye bodi, kwenye kibandiko, kwenye hati. Ya kimataifa ina herufi na tarakimu 17, na haina kabisa herufi I, O wala Q, ili zisichanganywe na 1 na 0. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yana namba fupi ya fremu, kwa hiyo ufupi peke yake si dosari. Kwa namba hiyo unaweza pia kujua kama gari limeitwa na mtengenezaji kurekebishwa. Usilipuuze hilo. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata iliitwa kwenye mamilioni mengi ya magari ya kampuni tofauti, kwa sababu kemikali yake ikikaa miaka kwenye joto na unyevu inalipuka kwa nguvu kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma kwa aliyekaa mbele. Matengenezo ya wito kama huo kwa kawaida hufanywa bila malipo. Kuuza gari la namba iliyoitwa bila kulipeleka ni kumpa mtu hatari aikumbatie.

Sasa rafiki yako. Najua hakukutakia mabaya, na ushauri wake ni wa kawaida katika biashara hii, lakini amekosea, na amekosea hata kwa hesabu. Rudi kwenye lile la Akerlof. Soko linashusha bei kwa sababu ya shaka. Basi anayelipwa ni yule anayeiondoa: ananunua gari lenye maswali, anatumia ujuzi na pesa yake kuyajibu, kisha analiuza likiwa na majibu. Hiyo ndiyo huduma yako, ndiyo sababu halali ya mtu kukulipa 138 kwa kitu cha 80. Ukificha ubovu hujaondoa chochote, umeihamisha shaka kwa mtu asiyeweza kuibeba. Mimi huandika karatasi moja kwa kila gari: nililolikuta, nililolitengeneza na risiti zake, na ambalo bado liko. Nampa mnunuzi kabla hajataja bei, anasaini, nabaki na nakala. Wapo wanaoondoka. Wanaobaki hawabishani sana, na hurudi na ndugu zao. Wewe ungeandika "lilichemsha, gasketi imebadilishwa, hedi imepimwa, risiti hii hapa", ungekuwa umegeuza aibu kuwa hoja ya kuuzia. Na fahamu kwamba sheria za nchi nyingi humbana zaidi anayeuza kama biashara kuliko anayeuza gari lake mwenyewe, na maneno "linauzwa kama lilivyo" kwa kawaida hayamlindi aliyeficha kwa makusudi.

Mkopo, nakusihi usichukue sasa. Si kwamba mkopo ni mbaya kwa kila mtu. Tatizo ni kwamba mkopo una tarehe na mnunuzi hana. Umeona mwenyewe gari moja likikaa wiki 18. Magari mawili yakikaa hivyo, riba itakula ile akiba ya moja ya kumi kabla hujagusa spana, na utalazimika kuuza la kwanza kwa bei yoyote ili kulipia la pili. Tena unataka kukopa ili ufidie, na anayenunua ili afidie hununua haraka. Magari hayo mawili yatakuona una njaa kabla hujayaona.

Njia ninazoziona kwako ni hizi. Unaweza kurudisha mtaji kwenye simu na kubaki huko kwa amani. 6 kila wiki tatu si kitu cha kudharau, na huenda ukuaji wako uko kwenye kununua kwa mafungu kuliko kubadili bidhaa. Unaweza kupita njia ya kati, vifaa vya nyumbani kama mashine za kufulia na majokofu, ambavyo vinakaguliwa kwa saa moja ila vinadai usafiri na nafasi. Au unaweza kujifunza magari kwa pesa za wengine: uza magari ya watu kwa makubaliano ya kamisheni, ukiyakagua na kuyaandikia karatasi niliyoieleza. Utagusa magari 20 bila kufunga mtaji, na utajua bei halisi wanazolipa watu. Ningekuwa wewe ningeendelea na simu kwa mtaji wote, na kufanya hilo la tatu mwishoni mwa wiki kwa miezi sita. Kisha ningenunua gari moja, aina ileile niliyokwisha kuizoea, kwa mtaji ambao hata ukifungwa miezi minne simu zitaendelea kuzunguka.

Yapo mambo ambayo barua yangu haiwezi kukufanyia. Kila gari linalogusa zaidi ya robo ya mtaji wako likaguliwe na fundi aliye upande wako, lipandishwe juu aone chini, na asiwe fundi aliyependekezwa na muuzaji. Hati ikiwa na jina tofauti na la anayeuza, au gari likiwa limewekwa rehani, nenda ofisi ya usajili mwenyewe kabla ya kutoa hata malipo ya awali. Namba ya chesisi ikiwa imekwaruzwa au kupigwa upya, ondoka na uwaarifu polisi. Usijaribu kumhoji muuzaji. Na kabla ya gari lako la pili, ulizia sheria ya unapoishi, kwa kuwa sehemu nyingi zina idadi ya magari kwa mwaka ambayo ukiipita unahesabiwa kuwa mfanyabiashara mwenye kuhitaji leseni na kodi yake. Mhasibu wa kawaida atakujibu kwa mkutano mmoja.

Turudi kwa mnunuzi wako. Umeshamwambia asiliendeshe. Sasa mwambie na lile ambalo hukumwambia siku ya kuuza, kwa maneno ya wazi: gari hili lilichemsha likiwa kwangu, nilibadilisha rejeta, termostati na gasketi, na sikukueleza. Mpe risiti zote. Kisha gari livutwe, lisiwashwe, lipelekwe kwa fundi mwingine ambaye yeye mnunuzi anamkubali, si yule wako wa kwanza, apime kwa ile dawa ya bluu na kama ni lazima afungue hedi aipime unyoofu. Ikionekana hedi haikusawazishwa, lipa wewe, na umpe fundi wako wa kwanza nafasi ya kuchangia kwa kuwa kazi ilikuwa yake. Ikionekana ni kitu kipya kisichohusiana, kaeni mgawane kwa haki. Lolote mtakalokubaliana liandikeni, msaini wote wawili. Kama amekwisha kutaja mahakama au wakili, ongea na wakili wako kabla ya kuandika chochote, ila simu ya kumwambia asiliendeshe isisubiri wakili. Kusawazisha hedi na kufunga gasketi upya huenda kukagharimu sehemu kubwa ya zile 31 kwa mara ya pili. Ziandike kwenye daftari la gari hilihili, chini ya ile 4 ya maegesho, ili siku utakaposimama tena mnadani uijue gharama yake yote.